Miguu ya Motokaa: Jinsi ya Kuchagua na Kulinganisha Springi na Shokomzoba

Katika miji ya Thika na Ruiru motokaa ni chombo cha kazi, kama vile jembe lilivyo chombo cha shamba. Asubuhi gari huchukua mayai, maziwa na mboga. Mchana huchukua watoto wa shule. Jioni huwarudisha watu nyumbani. Mara nyingi gari hilo limenunuliwa kwa fedha za mkopo, na karo ya watoto hutegemea safari zake. Kwa hiyo si ajabu kuwa mwenye gari, akiona sehemu ya nyuma imelala chini kwa uzito, huenda upesi kwa fundi na kusema, "Bwana fundi, niwekee springi ngumu kuliko zote ulizo nazo, na uliinue gari hili."

Fundi mwema hatatii amri hiyo mara moja. Atauliza kwanza, "Ngumu kwa mzigo gani, mzee, na kwa barabara gani?" Swali hilo dogo ndilo msingi wa somo hili. Springi iliyo ngumu kupita kiasi hailiongezei gari uwezo, bali hulinyima uwezo wa kushika njia. Siku ya mvua gari tupu lenye springi za namna hiyo laweza kuteleza nyuma, likageuka mkia mbele, na kuwaua watu wasiokuwa na kosa lolote.

Barabara mbili katika safari moja

Nchi ya Thika na Ruiru ina taabu yake yenyewe. Barabara kuu ya kutoka Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa kadiri ya kilomita 50, ilijengwa upya na kufunguliwa rasmi mwezi wa Novemba 2012. Ni barabara pana ya lami, na magari huenda kasi juu yake. Lakini mtu akiiacha barabara hiyo haendi mbali kabla ya kukutana na udongo. Upande wa magharibi, penye mashamba ya kahawa na majani ya chai kuelekea Gatundu na Gatukuyu, udongo ni mwekundu, vilima ni vingi, na wakati wa masika njia huwa na utelezi. Upande wa mashariki, kuelekea nyanda za Athi, kuna udongo mweusi ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua. Njia za kwenda kwenye machimbo ya mawe ya kujengea huharibiwa na malori mazito, zikabaki na mashimo na makorongo.

Basi gari moja hutakiwa kutumikia mabwana wawili. Barabara ya mashimo hutaka magurudumu yenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka, na springi zinazokubali kubonyea. Barabara ya mwendo wa kasi hutaka gari lililo chini, lisiloyumba. Hakuna kipuri hata kimoja kinachoweza kuwaridhisha mabwana hao wawili kwa ukamilifu. Kazi ya mwenye gari ni kutafuta kadiri inayofaa, na kadiri hiyo hupatikana kwa kupima.

Kazi ya kila kiungo

Mguu wa punda si mfupa mtupu. Una goti, kano na misuli, na kila kimoja kina kazi yake. Ndivyo ilivyo chini ya gari. Mtu asiyejua kazi ya kila kiungo hununua kimoja akitumaini kuwa kitatenda kazi ya kingine, na fedha zake hupotea bure.

Tairi ndilo kiungo pekee kinachogusa ardhi. Sehemu ya tairi inayoishika barabara kwa wakati mmoja haipiti sana ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Uwezo wote wa gari wa kupiga kona na kusimama hupitia katika viganja hivyo 4.

Springi hubeba uzito wa gari na kuliruhusu gurudumu kufuata ardhi. Ziko za koili, yaani chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejikunja, na ziko za mabamba, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Pikapu nyingi, na mabasi madogo kama Toyota HiAce, huwa na mabamba nyuma. Magari madogo mengi huwa na koili.

Shokomzoba haibebi uzito, ijapokuwa wengi hudhani hivyo. Kazi yake ni kuituliza springi. Springi ikibonyezwa na kuachwa hutaka kurukaruka mara nyingi, kama mpira uliodundishwa. Ndani ya shokomzoba mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo, na kwa njia hiyo nguvu za kurukaruka hugeuka kuwa joto, na gari likatulia.

Bushi ni raba zilizowekwa mahali ambapo vyuma huungana, ili vipate kucheza bila kusagana. Boli-jointi ni viungo vya duara vinavyoliruhusu gurudumu kugeuka na kupanda. Stebaliza ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana upande mmoja katika kona. Mwisho kuna raba ya kikomo, ambayo huzuia chuma kisigonge chuma springi inapobonyea mpaka mwisho.

Kwa nini gari lililoinuliwa huyumba

Gari linapopiga kona, uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani na kuyaelemea ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea mambo mawili: urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini, na upana wa nafasi iliyopo kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Chukulia gari la kilo 1,100, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 55 juu ya ardhi, na magurudumu yake yametengana kwa sentimita 145. Kona ikilivuta kando kwa nguvu iliyo sawa na nusu ya uzito wake, kadiri ya kilo 209 huhamia upande wa nje. Gari hilo likiinuliwa kwa sentimita 5, kiasi hicho huwa kilo 228. Tofauti ni kilo 19, na huenda dereva asiione siku ya jua. Lakini akiweka mzigo wa kilo 100 juu ya paa, sentimita 170 kutoka ardhini, kilo nyingine 59 huhama. Basi mzigo wa juu ya paa waweza kuwa na madhara mara tatu kuliko kule kuinuliwa, na gari lililoinuliwa kisha likapakiwa juu hubeba hatari zote mbili kwa pamoja.

Yafaa pia ifahamike kuwa nguvu inayolisukuma gari nje ya kona haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi kilomita 100 kwa saa, yaani kwa robo, nguvu hiyo hupanda kwa zaidi ya nusu. Ndiyo sababu kona ambayo gari huipita salama kila siku yaweza kulishinda siku moja ambayo dereva amechelewa.

Springi ngumu haziuzuii uzito kuhama. Huamua tu ni ekseli ipi itakayobeba sehemu kubwa ya uzito huo. Sehemu ya nyuma ikifanywa ngumu sana na ya mbele ikaachwa kama ilivyokuwa, tairi la nyuma la upande wa nje huelemewa kabla ya lile la mbele, na mkia wa gari hutoka njiani. Mkia ukitoka, dereva wa kawaida hana nafasi ya kuurudisha. Pua ya gari ikitangulia kuteleza, kuna nafuu, kwa maana dereva akipunguza mwendo taratibu gari hurudi njiani. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hulipanga gari la watu wa kawaida ili pua itangulie kuteleza. Anayekaza springi za nyuma bila kufikiri huupindua mpango huo.

Hatari hiyo huwa kubwa zaidi gari likiwa tupu. Springi iliyochaguliwa kwa ajili ya kilo 400 haibonyei chini ya mwili wa gari usio na mzigo. Juu ya barabara mbovu gurudumu hurukaruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote. Dereva aliyepeleka mboga Nairobi asubuhi akiwa na mzigo, kisha akarudi Ruiru bila mzigo mvua inaponyesha, huendesha magari mawili tofauti katika siku moja.

Madhara ya spesa

Watu wengi huinua gari kwa spesa, yaani vipande vya chuma, raba au plastiki vinavyowekwa juu au chini ya springi. Spesa haiongezi nguvu za springi hata kidogo. Huinua tu mwili wa gari. Spesa fupi iliyotengenezwa vizuri yaweza kufaa kwa mtu anayepita njia mbovu kila siku, lakini spesa ndefu huleta mambo manne.

Kwanza, gurudumu hupoteza mwelekeo wake na tairi huliwa upande mmoja. Pili, viungo vya ekseli za mbele hufanya kazi kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, na raba zake hupasuka mapema. Tatu, shokomzoba hunyooka karibu na mwisho wake, hata isiwe na nafasi ya kutosha ya kulituliza gurudumu linaposhuka shimoni. Nne, mipira ya breki huvutwa.

Kuna jambo la tano ambalo wenye pikapu hawana budi kulijua. Pikapu nyingi, na baadhi ya mabasi madogo, huwa na kidude karibu na ekseli ya nyuma kinachopima jinsi mwili wa gari ulivyoshuka, na kwa kipimo hicho huamua nguvu za breki za nyuma. Gari likishuka kwa mzigo, kidude huongeza breki za nyuma. Likiwa limeinuka, huzipunguza. Mtu akiinua sehemu ya nyuma bila kukirekebisha, kidude hudhani gari ni tupu wakati limejaa. Matokeo ni gari zito lenye breki dhaifu za nyuma, likiteremka mlima.

Kupima kabla ya kununua springi

Fundi na mwenye gari waweza kujua haja ya gari kwa kutumia futi ya kupimia na mifuko 4 ya saruji yenye kilo 50 kila mmoja. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa. Kwanza ipimwe nafasi iliyo kati ya raba ya kikomo na chuma kinachoikabili, gari likiwa tupu. Kisha upimwe urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Halafu mifuko ipakiwe juu ya ekseli ya nyuma, na vipimo virudiwe.

Chukulia kuwa nafasi ya kwanza ilikuwa sentimita 8, na kwamba kilo 200 zimeishusha sehemu ya nyuma kwa sentimita 5. Maana yake springi mbili za nyuma kwa pamoja hubonyea sentimita 1 kwa kila kilo 40, na nafasi iliyobaki ni sentimita 3. Kanuni nzuri ya kazi ni kwamba gari lililosimama na mzigo wake wa kawaida libakiwe na angalau nusu ya nafasi yake, kwa ajili ya mashimo. Gari hili lilipaswa kubakiwa na sentimita 4. Basi ikiwa mzigo wa kawaida wa mwenye gari ni kilo 200, anahitaji springi zinazobeba kilo 50 kwa kila sentimita badala ya 40, yaani springi zilizo ngumu kwa robo tu zaidi. Yule aliyekuja akitaka springi ngumu kuliko zote angeweza kuuziwa zenye ugumu maradufu, na kila safari asiyokuwa na mzigo angeendesha gari linalorukaruka.

Mnunuzi na ajihadhari pia na tofauti ndogo ya unene. Ugumu wa springi ya koili hupanda upesi sana waya unapoongezeka unene. Springi mbili zikiwa sawa katika mambo mengine yote, lakini moja ina waya wa milimita 12 na nyingine milimita 13, ile ya pili ni ngumu kwa zaidi ya theluthi moja. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo dukani, kipimo huiona.

Katika springi za mabamba hesabu ni rahisi zaidi. Mabamba yakiwa 5 yenye unene na urefu mmoja, kuongeza la sita huongeza ugumu kwa kadiri ya moja ya tano. Kwa mtu ambaye mzigo wake hubadilika sana, afadhali bamba la msaada, ambalo halianzi kazi mpaka gari liwe limeshuka kiasi fulani. Gari likiwa tupu bamba hilo hupumzika, na ulaini wa kwanza hubaki.

Mambo mawili yanakatazwa kabisa. La kwanza ni kukata koili ili kulishusha gari. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, huwa ngumu kwa kadiri ya sehemu 14 katika 100, nayo huwa fupi hata yaweza kutoka mahali pake gari likiruka. La pili ni kuipasha springi moto wa gesi ili kuinyoosha au kuikunja. Chuma cha springi kimepewa uimara wake kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa gereji huuharibu uimara huo, na springi hulala au kukatika safarini.

Aidha, hakuna springi inayoweza kubadilisha mzigo ulioruhusiwa na mtengenezaji. Springi mpya haziongezi nguvu za ekseli, wala za breki, wala za tairi.

Kuchagua shokomzoba

Shokomzoba zapatikana za mafuta matupu na za mafuta pamoja na gesi. Juu ya barabara ya changarawe yenye mawimbi, shokomzoba hufanya kazi mfululizo na kupata joto. Mafuta yakichanganyika na hewa hutoa povu, na povu haliwezi kuituliza springi. Gesi iliyoshindiliwa huchelewesha povu hilo, na kwa sababu hiyo namna ya pili huwafaa zaidi wanaosafiri mbali juu ya njia mbovu. Kwa gari la mjini lenye mzigo mdogo, za mafuta matupu zilizo nzuri hutosha.

Shokomzoba lazima ilingane na springi yake. Springi ikiwa ngumu zaidi huruka kwa nguvu zaidi, na shokomzoba ya zamani haitaiweza. Kinyume chake, shokomzoba ngumu juu ya springi laini hulizuia gurudumu kurudi chini upesi baada ya kugonga, na gari hushuka kidogo kidogo katika mawimbi mpaka likae juu ya raba za kikomo. Zile zinazoweza kurekebishwa zianzwe katika kiwango cha ulaini, kisha zipandishwe hatua moja moja, mpaka gari litulie baada ya mrusho mmoja. Anayeanza na kiwango cha mwisho cha ugumu hatajua kamwe kadiri iliyofaa.

Siku zote zinunuliwe mbili kwa ekseli moja. Shokomzoba moja mpya na nyingine iliyochoka hulifanya gari kuvuta upande mmoja wakati wa breki na kona. Ili kujua kama imechoka, pembe ya gari ibonyezwe kwa nguvu na kuachwa. Ikiruka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, imechoka. Mafuta yanayovuja kando ya fimbo yake, na tairi lililoliwa kwa mabonde mabonde, ni ushahidi mwingine.

Kwa habari ya vipuri vilivyotumika, mnunuzi awe na busara. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari kuukuu lililozidi umri wa miaka 8, lakini hata gari la miaka 7 lililotoka Japani limefika na bushi na shokomzoba za miaka 7. Zimekwisha kuzeeka kabla ya kuuona udongo wa Gatundu. Anayenunua shokomzoba kuukuu hununua umri usiojulikana. Katika maduka ya vipuri, kama yale ya barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, mnunuzi aende na kipuri cha zamani mkononi na namba ya chesisi, alinganishe urefu na matundu ya boliti, na adai risiti.

Utaratibu wa kazi

Watu wengi huanza na springi kwa sababu ndizo zinazoonekana. Utaratibu ulio bora ni huu ufuatao, na mara nyingi gari hupona kabla ya kufika hatua ya mwisho.

1. Matairi. Upepo upimwe asubuhi yakiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho mara nyingi huonyesha kipimo cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika tarakimu 4: kwa mfano 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

2. Bushi na boli-jointi. Gari liinuliwe juu ya vigingi imara, wala si jeki peke yake, na kila kiungo kitikiswe kwa mkono na kwa nondo. Gari linaloyumba kwa sababu ya bushi iliyokufa haliponywi na springi. Bushi mpya zinapotiwa, boliti zake zikazwe kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia, raba hukaa imepindika siku zote na kupasuka mapema.

3. Shokomzoba, kwa jozi.

4. Springi, kwa jozi, baada ya kupima kama ilivyoelezwa. Boliti za kushika mabamba zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza.

5. Kunyoosha magurudumu kwa mashine. Kazi hii hufanywa baada ya zote, kwa sababu kila badiliko la urefu hubadilisha mwelekeo wa gurudumu.

6. Mwelekeo wa taa za mbele, ili zisiwapofushe wanaokuja.

Jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja. Baada ya kila badiliko gari lijaribiwe katika njia ile ile, kwa mzigo ule ule na mwendo ule ule wa halali, mahali pasipo na watu wengi. Kisha matokeo yaandikwe katika daftari. Aliyebadilisha vitu vitatu siku moja, na gari likawa baya zaidi, hajui amlaumu nani.

Fundisho la mashindano ya Safari

Baadhi ya vijana husema kuwa gari la mashindano ni gari gumu. Historia ya Afrika ya Mashariki haikubaliani nao. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika mwaka 1963, na tena katika mwaka 1968, magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na msaidizi wake Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Gari hilo halikuwa na injini yenye nguvu za kutisha. Lilikuwa na springi za koili zilizo laini, zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na mwili imara. Magurudumu yake yaliendelea kuigusa ardhi pale ambapo magari mengine yalikuwa yakiruka na kuvunjika.

Ndiyo sababu fundi wa Ruiru anayeuliza juu ya mzigo na barabara, kabla ya kuchukua spana, yafaa asikilizwe. Gari jema ni lile ambalo tairi zake 4 hubaki juu ya ardhi, likiwa limejaa na likiwa tupu, wakati wa jua na wakati wa mvua. Mwenye gari aliyetumia asubuhi moja kupima kwa futi na mifuko ya saruji ataokoa fedha za springi asizozihitaji. Na abiria wake, ambao hawajui lolote juu ya springi wala shokomzoba, watafika makwao.